Halloween ya 1978: ni toleo lipi la diski lililolitunza giza lake?

Mkusanyaji wa Tanga:

Ndugu zangu, naomba mwongozo wenu. Nimeamua kukusanya mfululizo mzima wa filamu za kutisha za Halloween katika diski halisi, kwa kuwa kwenye huduma za mtandaoni filamu hizi huwekwa na kuondolewa bila taarifa, na haki zake zimetawanyika mikononi mwa kampuni kadhaa kiasi kwamba ni nadra kuzikuta zote mahali pamoja. Ziko kumi na tatu, tangu ile ya mwongozaji John Carpenter ya mwaka 1978 hadi Halloween Ends ya mwaka 2022. Kwa nyingi kati yake najua ninachotaka. Inayonikwamisha ni ile ya kwanza, ambayo ndiyo niipendayo kuliko zote na ndiyo iliyotolewa upya mara nyingi zaidi.

Ninazo nakala mbili, DVD ya mwaka 1999 na Blu-ray ya mwaka 2007, na nikizitazama moja baada ya nyingine naona kana kwamba zilipigwa katika misimu miwili tofauti. Katika DVD mchana una rangi ya machungwa iliyofifia na usiku una ubuluu mzito. Katika Blu-ray nyasi zimekolea ukijani, ngozi za waigizaji zimeiva wekundu, na usiku umeelekea kijivu. Sikatai kwamba picha ya Blu-ray ni kali zaidi. Nyuzi za sweta na michirizi ya mbao za nyumba ya akina Myers zinaonekana wazi. Hata hivyo lipo tukio moja linalonifanya nisiiamini. Laurie Strode, anayeigizwa na Jamie Lee Curtis, amekwisha kuziona maiti za rafiki zake, ameegemea ukuta akilia, na pembeni yake kuna mlango wa chumba chenye giza. Katika DVD sioni chochote mlangoni mpaka uso mweupe wa muuaji, Michael Myers, uanze kujitokeza kidogo kidogo. Katika Blu-ray nahisi namwona mapema mno, na hofu yote inapungua makali.

Ningependa kujua, basi, ni nakala ipi kati ya hizi mbili iliyo karibu na filamu yenyewe, na kama nikinunua toleo jingine, je, nichague 4K (diski yenye picha kali kuliko Blu-ray) ya kampuni ya Lionsgate ya mwaka 2018 au ile ya kampuni ya Scream Factory ya mwaka 2021? Ninatumia PlayStation 5 yenye tundu la diski, na zote mbili ni za soko la Marekani, kwa hiyo nina wasiwasi kama zitakubali kusomwa huku kwetu. Tena nimeona watu wakilisifu sana lile kasha kubwa la filamu za mfululizo huu la mwaka 2014. Je, lina kitu ambacho siwezi kukipata kwa kununua filamu mojamoja?

Jicho la Lenzi (Nairobi):

Ndugu wa Tanga, macho yako hayakukudanganya, na tukio ulilolichagua ndilo hasa ambalo mtu angelitumia kuzipima nakala za filamu hii.

Kwanza ikumbukwe mahali na wakati ilipopigwa. Hadithi inatokea Haddonfield, mji wa kubuni katika jimbo la Illinois, usiku wa tarehe 31 Oktoba, wakati ambapo miti ya kule imegeuka rangi na majani yanapukutika. Upigaji wenyewe ulifanyika California, South Pasadena na Hollywood, katika majira ya kuchipua ya mwaka 1978, kwa muda wa wiki chache na kwa bajeti ya takribani dola 300,000. Majani makavu hayakuwapo. Watengenezaji waliyapaka rangi majani ya kutengeneza, wakayamwaga barabarani mbele ya kamera, na kila tukio lilipokwisha waliyazoa na kuyarudisha mifukoni ili wayatumie tena, kwa sababu hawakuwa na fedha za kuandaa mengine. Ukitazama nyuma ya wasichana wanapotoka shule utaona miti imejaa majani mabichi, na katika picha chache mitende imejipenyeza. Maana yake ni kwamba Oktoba ya Haddonfield haikuwapo mbele ya kamera kwa ukamilifu. Ilitengenezwa na mkuu wa upigaji picha, Dean Cundey, kwa taa zake na kwa namna rangi zilivyosawazishwa maabara baada ya upigaji. Ukiiondoa kazi hiyo ukaacha rangi za asili za mahali, unachokiona ni California yenye joto, na hicho ndicho ulichokiona kwenye Blu-ray ya mwaka 2007.

Filamu inapohamishiwa kwenye diski kuna mtu anayekaa mbele ya skrini akiamua, tukio kwa tukio, mwanga uwe kiasi gani na rangi ielekee upande gani. Kwa DVD yako ya mwaka 1999, Cundey mwenyewe alishiriki katika kazi hiyo. Uhamisho mpya ulifanywa kwa ajili ya toleo la miaka 25, mwaka 2003, ambao ulikuwa safi na wenye mwanga mwingi lakini haukufuata rangi alizokuwa ameziidhinisha, na Blu-ray ya mwaka 2007 ikaurithi. Mashabiki walilalamika kwa miaka, na si kwa sababu ya ushabiki mtupu: walikuwa na diski mbili mkononi, kama ulivyo wewe, na wakaona kwamba ile yenye teknolojia ya juu zaidi ilikuwa imepoteza kitu. Toleo la miaka 35, lililotoka mwaka 2013, lilimrudisha Cundey kazini, na usiku wa Haddonfield ukarudi kuwa wa buluu.

Sasa turudi mlangoni. Katika tukio lile Michael Myers hasogei hata hatua moja. Mwigizaji Nick Castle, aliyevaa barakoa, amesimama palepale gizani tangu mwanzo, na kinachotembea ni mwanga: Cundey alielekeza taa ndogo kwenye barakoa na ikapandishwa taratibu, mpaka uso ukatokea ndani ya weusi. Ujanja wote unategemea jambo moja tu, nalo ni kwamba kabla ya taa kupanda weusi uwe weusi kweli. Fundi akiinua mwanga wa picha nzima ili watazamaji waone vizuri zaidi, anakuwa amemwasha Myers kabla Cundey hajamwasha. Barakoa yenyewe ilichaguliwa kwa akili hiyohiyo. Ilikuwa barakoa ya Kapteni Kirk, yenye sura ya mwigizaji William Shatner, iliyonunuliwa dukani kwa chini ya dola mbili. Tommy Lee Wallace, mmoja wa watengenezaji wa filamu, akapanua matundu ya macho, akaondoa nyusi na ndevu za mashavuni, akaipulizia rangi nyeupe. Weupe ule hauna rangi yake mwenyewe. Unapokea rangi ya taa iliyo karibu, na macho yanabaki mashimo. Chini ya taa ya buluu ni uso wa maiti, lakini chini ya picha iliyoangazwa kupita kiasi ni mpira uliopakwa rangi.

Niongeze neno juu ya umbo la picha, kwa ajili ya wale wenye kumbukumbu za kanda za video. Carpenter aliipiga filamu hii kwa lenzi za Panavision zenye picha pana, upana ukiwa zaidi ya mara mbili ya urefu wa kwenda juu, ingawa bajeti ndogo ingemshawishi mwongozaji mwingine afanye kinyume. Myers hukaa pembezoni mwa picha hiyo au nyuma kabisa. Fikiria tukio ambalo Laurie ameketi mbele akidhani yamekwisha, na nyuma yake, upande mwingine wa picha, yule mtu anainuka kiwiliwili bila sauti. Kanda za zamani zilikata pande zote mbili ili picha itoshee kwenye runinga za mraba, na pamoja na pande hizo zilikata sehemu kubwa ya hofu.

Kwa hiyo jibu langu: kati ya mbili ulizonazo, DVD ndiyo iliyo mkweli wa rangi. Na kati ya zile za 4K mbili, chukua ya mwaka 2021. Ilitokana na skani mpya ya negativi asilia, yaani utepe uleule uliopita ndani ya kamera, Cundey akihusishwa, na giza lake lina tabaka ambazo diski za zamani hazikuweza kuzibeba.

Msafiri wa Muscat:

Kaka, mimi nitajibu lile la kusomeka kwa diski, maana watu wengi hupoteza fedha hapo.

Blu-ray za kawaida zimegawiwa dunia katika maeneo matatu, A, B na C. Marekani iko A. Afrika yote, Ulaya na nchi hizi za Ghuba ziko B. PlayStation 5 iliyouzwa kwa soko la Afrika Mashariki au la huku Oman itaikataa Blu-ray iliyofungwa kwa eneo A, na hakuna mpangilio wa kubadilisha hilo. Diski za 4K hazina mgawanyo huo kabisa. Toleo la mwaka 2021 lina diski za aina mbili ndani, ya 4K na ya Blu-ray. Ya kwanza utaitazama bila tatizo, ya pili ambayo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya nyongeza huenda usiione mpaka upate mashine ya eneo A au ile isiyochagua eneo. Kama unachotaka ni filamu yenyewe, agiza bila hofu. PlayStation 5 haitumii Dolby Vision, mmoja wa mifumo ya kuongeza upana wa mwanga na rangi, lakini diski hiyo ina mfumo mwingine wa namna hiyo, HDR10, pia, na mashine yako itaichukua hiyo.

Uwe mwangalifu na DVD za Ulaya za filamu hii. Zimetengenezwa kwa mfumo wa PAL, ambao huonyesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, hivyo filamu ya dakika 91 inakwisha kwa dakika 87 na ushei, na sauti yote inapanda juu kidogo. Katika filamu nyingine usingejali. Katika hii, wimbo mkuu wa kinanda ambao Carpenter aliutunga kwa mapigo matano, mapigo aliyofundishwa na baba yake utotoni kwa ngoma za bongo, unakuwa na haraka ambayo hakuikusudia. Ukishauzoea ulivyo, sikio linakataa mara moja.

Bi. Mwanakombo (Mombasa):

Wanangu, nimefurahi kuona bado kuna watu wanaozitunza filamu hizi kwa heshima. Nami nina jambo la kuongeza, ambalo mashabiki wa kwetu pwani wanapaswa kulijua zaidi ya mashabiki wa mahali pengine popote.

Filamu ya kwanza inapofunguka, kabla ya jina la Donald Pleasence na kabla ya jina la Carpenter, huonekana jina la Moustapha Akkad. Huyu ni yuleyule aliyetengeneza The Message mwaka 1976, filamu ya historia ya mwanzo wa Uislamu ambayo katika nyumba yetu iliwekwa kwenye deki kila Ramadhani, na ambayo aliipiga mara mbili, kwa Kiarabu akiwa na Abdullah Gaith kama Hamza na kwa Kiingereza akiwa na Anthony Quinn katika nafasi hiyohiyo. Alizaliwa Aleppo, Syria, mwaka 1930, akaenda California kusomea filamu, na ndiye aliyetoa fedha za Halloween wakati Carpenter na mtayarishaji mwenzake Debra Hill hawakuwa na mtaji. Aliendelea kuwa mtayarishaji mtendaji wa filamu zote za mfululizo huu mpaka ya nane, ya mwaka 2002. Mwaka 2005 alikuwa Amman, Jordan, pamoja na binti yake Rima, wakati mahoteli ya mji ule yaliposhambuliwa kwa mabomu mwezi Novemba, na wote wawili wakapoteza maisha. Mwanawe Malek akaichukua kazi.

Nimelileta hili kwa sababu linahusu matoleo ya nyumbani moja kwa moja. Mwaka 2011 kampuni ya Universal ilitoa Blu-ray ya Halloween II, ile ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Rick Rosenthal, kwa kuadhimisha miaka 30 yake. Mashabiki walipoiweka kwenye mashine wakakuta mwanzoni, mahali palipoandikwa siku zote kwamba Moustapha Akkad ndiye anayeileta filamu hii, pameandikwa jina la kampuni. Mtu aliyekuwa amefariki miaka sita tu nyuma alikuwa amefutwa kwenye kazi yake. Malek Akkad alilalamika hadharani, na mashabiki walipaza sauti kwa wingi, wengi wao wakiwa hawajawahi kutazama filamu zake nyingine wala hawakuwa na uhusiano wowote na Syria au Uislamu. Walijua tu kwamba jina lile ni sehemu ya filamu na halikupaswa kuguswa. Kampuni ikatoa nakala zilizosahihishwa, jina likiwa limerudishwa mahali pake.

Hivyo mwanangu wa Tanga, utakapofika kwenye sehemu ya pili, usinunue nakala iliyotumika ya toleo lile la mwaka 2011 bila kumtaka muuzaji akuonyeshe sekunde za mwanzo. Mimi nisingeiweka rafuni kwangu nakala isiyo na jina la yule mzee.

Boga la Oktoba (Minneapolis):

Shikamoo Bi. Mwanakombo. Nimekuwa nikizitazama filamu hizi kwa miaka bila kuziunganisha na ile tuliyoitazama nyumbani Lamu, na sasa nitazitazama tofauti.

Kuhusu kasha la mwaka 2014: lilitolewa kwa ushirikiano wa kampuni za Anchor Bay na Scream Factory, diski 15 zenye filamu kumi, kuanzia ile ya Carpenter mpaka zile mbili za mwongozaji Rob Zombie za mwaka 2007 na 2009. Filamu tatu za mwongozaji David Gordon Green, za mwaka 2018, 2021 na 2022, hazimo kwa kuwa hazikuwa zimetengenezwa. Yaliyowafanya watu walililie kasha hili ni mengi, lakini kwa maoni yangu kubwa kuliko yote ni moja: toleo la watayarishaji la filamu ya sita.

Halloween: The Curse of Michael Myers ilitoka Septemba 1995. Donald Pleasence, aliyekuwa Daktari Loomis, daktari wa Myers, tangu filamu ya kwanza, alifariki Februari mwaka huohuo. Filamu ilikuwa imekwisha kupigwa, ikaonyeshwa kwa majaribio, watazamaji hawakuipokea vizuri, na watayarishaji wakaamua kupiga upya sehemu kubwa ya mwisho wake. Pleasence hakuwapo tena kuzipiga sehemu hizo. Iliyokwenda kwenye majumba ya sinema ikawa na damu nyingi zaidi, mwendo wa haraka zaidi, mwisho usioeleweka, na Pleasence mchache kuliko alivyoigiza. Tafakari hilo: moja ya kazi za mwisho za mwigizaji aliyeubeba mfululizo mabegani mwake, na sehemu yake iliachwa nje.

Toleo la kwanza halikufa. Nakala yake ilivuja, ikanakiliwa kanda kwa kanda, na kila kizazi cha nakala kikawa na ukungu zaidi ya kile kilichotangulia. Nimewahi kuiona moja ya nakala hizo. Nyuso zilikuwa madoa, sauti ilikuwa ikizama na kuibuka, na chini ya picha zilipita tarakimu za saa za wahariri. Watu waliitazama hivyo kwa karibu miaka 20, wakaijadili, wakaandika ulinganisho wa tukio kwa tukio, na wakaendelea kuziomba kampuni zenye haki ziitoe rasmi, mpaka ikatoka ndani ya kasha hili kutoka kwenye filamu halisi, safi, ikiwa na rangi zake na muziki wake. Nilipoiona kwa mara ya kwanza katika hali hiyo niligundua kwamba si filamu kamilifu; habari za kundi la siri na laana yao zinachosha katika toleo lolote lile. Lakini Loomis yumo kwa ukamilifu, ana utulivu na huzuni ya mtu mzima aliyechoka kuonya, na hilo peke yake linanitosha. Leo hakuna haja ya kununua kasha zima kwa ajili hiyo. Angalia tu kwamba nakala ya filamu ya sita unayoichukua imeandikwa waziwazi kuwa ina matoleo yote mawili.

Tafadhali usiiruke Halloween III: Season of the Witch ya mwaka 1982 kwa sababu ya kusikia kwamba Michael Myers hayumo. Ni kweli hayumo. Carpenter na Hill walitaka mfululizo uwe wa hadithi mpya kila mara, zikiunganishwa na usiku mmoja wa mwaka, wakamkabidhi Tommy Lee Wallace aiongoze, yuleyule aliyeipaka barakoa ya kwanza rangi nyeupe. Watazamaji wa wakati ule waliikataa, na mfululizo ukanyamaza hadi mwaka 1988 Myers aliporudishwa. Lakini Cundey ndiye aliyepiga picha zake, usiku wake una ubuluu uleule mnaouzungumzia hapa, na mzee Cochran anayetengeneza barakoa tatu za watoto, ya fuvu, ya mchawi na ya boga, ni mmoja wa waovu wanaotisha zaidi katika mfululizo wote, kwa upole wake hasa. Kizazi kilichoikuta kwenye kanda na diski, bila kuingojea kwa matarajio ya mwaka 1982, ndicho kilichoiokoa. Green aliziweka barakoa hizo tatu ndani ya filamu zake kama salamu kwa watu hao.

Na kwa Halloween H20, filamu ya saba, ya mwaka 1998, jiandae. Barakoa ilibadilishwa mara kadhaa wakati wa upigaji, na katika picha moja fupi imechorwa kwa kompyuta. Kwenye kanda ulikuwa huoni sana. Kwenye diski iliyo safi kila badiliko linakutazama usoni.

Mkusanyaji wa Tanga:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Bi. Mwanakombo, shikamoo na asante. Nitalitafuta jina hilo kwenye kila diski kabla ya kulipa. Kaka wa Muscat, umeniokoa na gharama, kwa maana nilikuwa karibu kuagiza Blu-ray za eneo A kwa filamu tano za mwanzo. Nitachukua 4K za mwaka 2021 badala yake, kwa kuwa Scream Factory ilizitoa zote tano kwa mtindo huo, nikianza na ya kwanza na ya tatu. Ya sita nitaitafuta yenye matoleo mawili, hata ikibidi nisubiri mpaka nipate mashine ya kuisoma.

Limebaki swali la sauti. Runinga yangu imeunganishwa na spika mbili nzuri za zamani, sina mfumo wa kuzunguka chumba. Nichague mkondo upi?

Jicho la Lenzi (Nairobi):

Chagua mono, yaani sauti ya mkondo mmoja, bila kusita, na toleo la mwaka 2021 linao mkondo huo. Filamu ilichanganywa sauti kwa mono mwaka 1978. Michanganyiko ya spika nyingi iliyotengenezwa miaka ya baadaye inavutia kwa namna yake, ila uwiano umebadilika: muziki umetandazwa chumba kizima, na ile milio ya ghafla ya sintesaiza Myers anapotokea haigongi mahali pamoja na picha kama ilivyokuwa. Carpenter aliutunga na kuupiga muziki huo mwenyewe kwa ala chache sana, nao una nguvu zaidi unapotoka sehemu moja, mbele yako, pamoja na pumzi za yule mtu ndani ya barakoa. Kwa spika zako mbili hutakosa chochote.

Kabla ya kuiweka diski, ingia kwenye mipangilio ya runinga. Zima kila kinachoitwa ulainishaji wa mwendo, kwa sababu kinaifanya kamera ya Panaglide, inayobebwa na mpigaji bila kutikisika, ya tukio la ufunguzi, ile inayoingia nyumbani kwa macho ya mtoto, ionekane kama taarifa ya habari. Zima pia kihisi kinachobadilisha mwanga wa skrini kulingana na mwanga wa chumba. Hicho huinua weusi kila taa ya barazani inapowashwa, na utakuwa umeununua usiku wa Cundey kisha runinga ikakunyang'anya. Chagua hali ya sinema, au ile ya watengeneza filamu kama runinga yako inayo, na uiache ilivyo hata kama kwa dakika chache za mwanzo utaiona picha nzito kuliko ulivyozoea. Menyu hizi hutofautiana sana kati ya kampuni moja na nyingine, kwa hiyo ukikwama niandikie hapa aina ya runinga na mwaka wake, nami nitakutajia kila hatua.